Mchicha, Kotimiri na Damu Yangu

Mume wangu alinipiga kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mchicha.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, ndani ya kibanda cha miti na mabati nilimokuwa nikiwapikia mume wangu na wachimbaji wenzake wa shimo moja. Wenyewe shimo huliita duara. Mwenye duara ndiye aliyeleta unga, maharage na dagaa wa Nkome, na mimi nilipika kwa sababu nilikuwa mke wa mmoja wao na hakuna aliyeona haja ya kutafuta mpishi mwingine. Siku hiyo niliwapakulia ugali na mchicha niliouunga kwa karanga. Wanaume wakanawa, wakakaa kwenye mawe na madumu, wakaanza kula. Mume wangu aliitazama sahani yake kwa muda, kisha akaipindua chini kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefunika kitu.

"Unanilisha majani kama mbuzi," alisema, "mbele ya wenzangu."

Nikamwambia nesi alisema nile mboga za majani, damu yangu iko chini, nikaona nipike za wote. Sikumaliza. Kofi lilinipata sikioni nikiwa nimechuchumaa, nikaangukia mkono karibu na mafiga. Nilipoinua uso, wale wanaume walikuwa wanaendelea kula. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameacha kutafuna. Huyo alikuwa mtu mzima kutoka Masumbwe, aliyepanga magogo ya kuzuia kuta za duara zisibomoke. Sote tulimwita Msumbwa. Alinitazama, akatazama tonge lake, akaendelea.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Nimezaliwa kijijini, upande wa Shinyanga, kwenye nyumba ya wakulima na wafuga ng'ombe. Kwetu majani hayakuwa aibu. Tulikula mlenda, tulikula mgagani wenye uchungu wake, na kiangazi tulikula nsansa, yale majani ya kunde ambayo mama aliyachemsha na kuyaanika juu ya mawe hadi yakakauka kama tumbaku. Fimbo nayo haikuwa ngeni. Baba alimpiga mama, na mama alipofuta machozi alituita tule. Kwa hiyo kofi lile halikunishangaza kwa kuwa kofi. Lilinishangaza kwa sababu yake. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa kwa kuchelewa, kwa kujibu, kwa wivu. Mboga sikuitegemea.

Mume wangu hakuwa mlevi. Naliandika hili kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza. Alikuwa mtu wa kazi, mwembamba, mwenye mabega ya kupigia nyundo, na alipokuwa amelala uso wake ulikuwa wa mtoto. Aliitaka ile mimba kuliko nilivyoitaka mimi. Alikuwa akiliwekea sikio tumbo langu hata kabla halijawa na cha kusikilizwa. Halafu, kwa jambo dogo, mkono ungenyanyuka.

Baada ya siku ile niliacha kuwapikia wanaume mchicha. Nikalima wangu, tuta moja nyuma ya jiko, nikalimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ulistawi haraka, majani mapana yenye shina jekundu kwa ndani. Nilikuwa nachuma nikiwa peke yangu, napika kwa sufuria ndogo, nakula nimesimama, naosha sufuria kabla hawajapanda kutoka shimoni. Nilikula mchicha kama mwizi.

Jirani yangu wa ukuta, kwenye chumba tulichoishi nyuma ya kibanda, alikuwa mama wa supu. Alitoka Tabora, Mwislamu, mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka barabara ya pili. Kila asubuhi alichemsha supu ya ng'ombe kwenye pipa lililokatwa, na juu ya kila bakuli alinyunyizia kotimiri mbichi aliyoiotesha kwenye mabeseni yaliyopasuka. Harufu ya ile kotimiri ilivuka ukuta wa mabati na kuniamsha njaa hata nilipokuwa nimetapika. Nilimpenda. Alikuwa akinipa mchuzi bure akisema ni wa mtoto.

Siku moja aliniona nimeegemea nguzo, macho yakiniona giza. Akaniletea kichane cha kotimiri na simu yake. Kwenye simu kulikuwa na mwanamume mwenye koti jeupe aliyekuwa akieleza kwamba jani hili linasafisha damu na kuiongeza, kwamba ni kubwa kuliko mboga zote za majani, kwamba mchicha mbele yake ni maji matupu.

"Mwanangu, unahangaika na mchicha bure," alisema. "Dawa yenyewe hii hapa, mimi nawanyunyizia walevi."

Alisema kwa upendo. Lakini ukuta wetu ulikuwa bati moja, na upande wa pili mume wangu alikuwa anavaa viatu vya kazi.

Aliingia uani akiwa ameshika sururu. Sikujua kama alikuwa ameliona tuta langu siku zote na kulinyamazia, au ndiyo kwanza alikuwa analiona. Alilipiga sururu mara moja katikati, akalivuruga, kisha akalikanyaga kwa viatu hadi majani yakawa uji wa kijani kwenye udongo. Mama wa supu alisimama na kichane chake mkononi, midomo wazi.

"Baba, mimi sikusema umng'olee," alisema.

"Mama, asante," mume wangu alimjibu kwa adabu kabisa. "Umenifungua macho. Hicho kichane naomba."

Tangu hapo kila asubuhi aliitwanga kotimiri mwenyewe kwenye kinu kidogo, akaichanganya na maji, akanipa kikombe. Siku za mwanzo nilikunywa. Lilikuwa jambo la ajabu kuona mwanaume wa pale anatwanga kwa ajili ya mkewe, na wanawake wa uani waliniambia nina bahati. Lakini tumbo langu lilikataa. Ile harufu niliyoipenda kwenye supu ilinigeuka, nikawa nikitapika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Siku niliyomwambia siwezi tena, aliniketisha kwenye kigoda, akasimama nyuma yangu, akanishika taya kwa mkono mmoja, vidole vikizama mashavuni, akanimiminia. Hivyo ndivyo kwetu ng'ombe hunyweshwa dawa. Nilikuwa nimemwona baba akifanya hivyo mara nyingi zizini. Sikujua kamwe kwamba ng'ombe anahisi anazama.

"Meza," alikuwa akisema. "Meza, ni ya mtoto. Meza."

Nilimeza. Nyingine ilipita puani. Alipomaliza alinifuta kidevu kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole, akaenda kazini.

Vidonge vya damu nilivyopewa kliniki alikuwa ameshavitupa chooni. Viliniletea kinyesi cheusi, nikafanya kosa la kumwambia, naye akaamini vinaniunguza ndani.

Siku niliyoanguka kwenye foleni ya maji, ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Mtu asiyetujua angetuonea wivu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinivuta kope ya chini, akatazama, akanichoma kidole. Kisha akamtazama mume wangu.

"Baba, huyu damu yake imeshuka kuliko alipokuja mwanzo. Anakula nini?"

"Anakunywa kotimiri kila siku. Ninamtwangia mimi mwenyewe."

"Na mboga?"

"Mchicha nimemkataza. Kotimiri ni kubwa kuliko mchicha. Nimesikia kwa daktari."

Nesi hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Kotimiri ni jani zuri, sikatai," alisema. "Ina vitamini A, tena kwa vitamini hiyo inaushinda hata mchicha. Lakini madini ya chuma, hayo yanayojenga damu, mchicha unayo zaidi. Madini ya chokaa, ya kujenga mifupa ya mtoto, mchicha uko mbele mbali. Na hata kama vingelingana, niambie, nani anakula sahani ya kotimiri? Kikombe chako kina kiganja cha majani na maji mengi. Mchicha ukipikwa unasinyaa, mtu anamaliza fungu zima kwa mlo mmoja bila kujua."

"Daktari alisema inasafisha damu."

"Damu yake si chafu, baba. Ni chache." Akanigeukia. "Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji yake. Uive kidogo tu, weka karanga au mafuta, ukamulie ndimu sahanini, ule pamoja na dagaa. Chai usinywe palepale, inazuia chuma kisiingie mwilini. Kotimiri nyunyizia juu mwisho, ikiwa mbichi, kama tumbo linaitaka. Hizi mboga mbili hazina ugomvi. Na usinunue mchicha unaolimwa kule wanakooshea dhahabu, maji yale yana zebaki."

Kisha akaniuliza kuhusu vidonge. Nilitazama sakafu. Akauliza tena, safari hii akiyaangalia mashavu yangu, mahali palipokuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili.

"Baba, naomba utupishe kidogo."

"Nitasikia hapahapa," mume wangu alisema.

Hakuinua sauti. Aliweka tu mkono wake juu ya meza, ngumi imefungwa, karibu na sanduku la sindano. Nesi aliutazama ule mkono. Nami niliutazama. Nilimwona nesi akipima, kama nilivyokuwa nikipima mimi kila siku, umbali kati yake na mlango. Akanipa vidonge vingine, akavifunga vyema kwenye karatasi, na alipovikabidhi alinibana vidole. "Uje wakati wowote," alisema. "Wakati wowote. Hata bila siku ya kliniki."

Njiani mume wangu alikuwa na furaha. "Umemsikia? Amesema inaushinda mchicha." Kati ya maneno yote yale, hilo ndilo alilobeba.

Jinsi yule Msumbwa alivyojua, sijui. Labda mama wa supu alimweleza, maana alikuwa mteja wake. Wiki iliyofuata alipanda kutoka shimoni kabla ya wenzake, akaja kibandani akiwa na mafungu ya mchicha kwenye mfuko wa plastiki. Vumbi la mawe lilikuwa limempaka nyusi nyeupe.

"Shemeji," alisema, "pika hii ule wewe. Hawa wengine wape maharage yao. Mimi nitakaa hapa hadi umalize kula."

Ndivyo alivyosema. Nami niliosha ile mboga, nikaikata, nikaiweka jikoni kwenye sufuria kubwa kwa sababu ndogo ilikuwa na ufa. Maji yalikuwa yanachemka tayari. Nakumbuka nilijisikia salama, na nakumbuka niliogopa kule kujisikia salama.

Wanaume wakapanda mmoja mmoja. Mume wangu alikuja wa mwisho, nyundo begani. Aliiona sufuria, akauona mfuko, akamwona Msumbwa amekaa kwenye dumu karibu na moto, mahali ambapo mwanaume asiye mume wangu hakuwa na sababu ya kukaa.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi," Msumbwa alisema. "Mkeo anaumwa, mdogo wangu. Mwache ale."

"Unamletea mke wangu mboga. Wewe ni nani yake?"

"Si mtu yake. Nina mabinti."

Mume wangu aligeuza nyundo akampiga mpini upande wa kichwa. Sauti ilikuwa kama ya mti mkavu unapovunjwa gotini. Msumbwa alianguka kwa ubavu, mkono sikioni, na damu ikatoka katikati ya vidole, nyembamba kwanza, halafu nyingi. Mume wangu akampiga tena, mgongoni, na tena. Mmoja wa vijana wa shimo alijaribu kumshika kiuno, akatupwa kwenye sahani. Mwingine akaokota jiwe. Wengine walitoka maduara ya jirani wakikimbia bila kujua ugomvi wa nani, na pale mtu akikimbia kwenye ugomvi lazima apigane. Nikaona mtu akimpiga mwenzake aliyekuja naye. Kibanda kilitikisika, bati moja likadondoka. Walipigana kwa miiko, kwa mawe, kwa zile nondo fupi wanazopasulia miamba. Midomo ya watu ninaowapikia kila siku ilikuwa imejaa damu.

Kisha mume wangu akajichomoa kwenye lile kundi, akanitazama.

Nilikuwa nyuma ya jiko. Nyuma yangu palikuwa na ukuta wa mabati, hakuna mlango. Alikuja akiwa ameinua nyundo, safari hii upande wa chuma. Sitasahau kwamba hakuwa amekasirika usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kumaliza kazi.

"Alilala nawe lini?" aliniuliza.

Nilishika sufuria kwa mikono mitupu. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye chuma kile, lakini hilo nililijua baadaye. Nilimmwagia yote. Maji yanayochemka na mchicha vilimpata shingoni na kifuani, majani yakamganda. Nyundo ikaanguka, ikanikosa mguu. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alikuwa akijikwangua yale majani, na kila alipoyatoa ngozi ilikuja nayo.

Ugomvi ukasimama. Wale waliokuwa wanauana walisimama bega kwa bega wakanitazama mimi.

"Amemuua mume wake," mtu alisema.

Neno lile lilipita haraka kuliko moto. Jiwe la kwanza liligonga bati juu ya kichwa changu. La pili lilinipata kwenye paji la uso, na damu ikanifumba jicho moja. Nilikaa chini nikalikumbatia tumbo. Nilikuwa nimekwisha kuona mwizi akiuawa kwa mawe kule machimboni. Nilijua inavyokwenda, kwamba wa kwanza hurusha kwa hasira na wanaofuata hurusha kwa sababu wa kwanza amerusha.

Mama wa supu alipita katikati yao akiwa ameshika upawa wake mrefu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ndoo ya supu inayotoka mvuke. Alisimama mbele yangu. Ushungi ulikuwa umemdondoka.

"Mimi sina mume wala mtoto humu," aliwaambia. "Sina wa kunililia wala wa kumwogopa. Atakayesogea namwogesha. Wewe, nakujua. Na wewe. Nawajua mnavyokunywa na mnavyotapika. Sogea."

Hakuna aliyesogea. Alikuwa analia wakati akisema, na supu ikawa inammwagikia miguuni, lakini ndoo hakuiweka chini.

Nilipelekwa zahanati kwa pikipiki, yeye akiwa amenishika kwa nyuma ili nisidondoke. Mume wangu aliletwa kwa nyingine. Msumbwa kwa nyingine. Tukalala wote watatu vyumba vinavyofuatana, na nesi yuleyule akawa anatoka kwa huyu anaingia kwa yule, mikono yake imejaa damu zetu. Usiku kabla haujaingia nilianza kutokwa damu kwa chini, wakatupatia gari hadi hospitali mjini Geita. Huko waliniongezea damu ya watu nisiowajua. Mtoto alitolewa kabla ya wakati wake, msichana, mdogo, amekunjamana kama jani linaloanza kutoka. Alilia mara moja, akanyamaza, akalia tena. Walimwekea joto. Alibaki hai.

Mama mkwe alikuja. Nilimwona mlangoni mwa wodi, mrefu, kanga mbili, miguu ina vumbi jekundu la safari, nikadhani amekuja kunimaliza.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama yule kwa Kisukuma chetu.

"Mwadila."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitazama viganja vyangu vilivyofungwa bandeji, akaona siwezi kushika kijiko, akafungua bakuli alilokuja nalo akaanza kunilisha.

"Nimetoka kwake," alisema. "Shingo haigeuki. Daktari anasema ataishi." Akafunga bakuli. "Alikuwa na dada yake, walifuatana kuzaliwa, wakanyonya ziwa moja. Alikufa akijifungua, kwangu nyumbani, damu yote ilitoka ikaisha. Mwanangu ndiye aliyekuwa ameshika taa. Hajawahi kukwambia."

"Hajawahi."

"Sikwambii ili umsamehe, ng'wanawane, mwanangu. Mkono wake ni wa baba yake, nami naujua mkono ule. Nakwambia ujue tu kilichomfanya awe anatwanga majani." Alisimama akamwinamia mtoto aliyelala kando yangu. "Mtoto ni wetu, ng'ombe za mahari zilitoka. Ila sitamchukua mtoto anayenyonya. Na wewe usirudi kule."

Nililia siku hiyo, na sikujua nalia kwa ajili ya nani. Nilimchukia kwa kunipa kitu cha kumhurumia. Chuki peke yake ingekuwa nyepesi kubeba.

Mume wangu alihukumiwa kwa kumjeruhi Msumbwa, ambaye hadi leo sikio lake moja halisikii. Nilikwenda mahakamani kama shahidi. Niliulizwa nyundo ilishikwaje, ilipiga wapi, Msumbwa aliangukia upande gani. Taya langu hakuna aliyeliuliza. Kuhusu maji ya moto waliniuliza maswali mengi kuliko nyundo, kisha wakaniacha.

Sasa naishi Shinyanga, pembezoni mwa mji, kwa kaka yangu. Nauza mboga sokoni: mchicha, matembele, majani ya maboga, na kotimiri kwa vichane vidogo. Viganja vyangu vimepona ila havihisi joto sawasawa, na watoto wa kaka hupenda kuniona nikishika kaa la moto. Kwa muda mrefu sikuweza kukaa karibu na kotimiri. Harufu yake ilinifanya nishike taya. Niliirudisha mezani kidogo kidogo, kwa sababu wateja waliiuliza, na kwa sababu nilichoka kuogopa jani.

Mwanamke mjamzito akinijia na kuniuliza kipi bora, namweleza kama nilivyoelezwa na nesi. Kwamba mchicha utakupa chuma na chokaa zaidi, na utaula wa kutosha. Kwamba kotimiri ina vitamini yake, iweke juu mwisho. Kwamba vyote viwili havitoshi peke yavyo damu ikishashuka, ukachukue vidonge, uvimeze. Huku nikisema huwa namtazama mashavu, shingo, mikono. Wengine huvuta kanga wakijua ninachotafuta. Mmoja aliwahi kunitukana sokoni, mbele za watu, akanitupia fungu usoni, akaniambia nishughulike na mizani yangu. Nilimwelewa. Akarudi baada ya muda na jicho limefumba, akakaa nyuma ya meza yangu hadi soko lilipofungwa, na hakununua kitu. Nilimpeleka mwenyewe polisi, dawati la jinsia, na mumewe alinifuata kesho yake akapindua meza. Niliokota mboga zilizookoteka.

Baba wa mtoto alitoka gerezani mwaka jana. Alituma mtu kwa kaka yangu, akaomba amwone binti yake, akisema kisha anakwenda Nkome, ziwani, kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya dagaa, kwa sababu shingo haimruhusu tena kuinama shimoni. Kaka alitaka kukataa. Nilisema aje mchana, na kaka akae mlangoni.

Alikuja amevaa shati lililofungwa hadi kifungo cha juu. Kovu lilitoka kwenye ukosi likapanda hadi chini ya sikio, linang'aa. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Aligeuza mwili mzima kuniangalia.

"Umepona mikono?" aliuliza.

"Imepona."

"Mama anakusalimia."

"Nimepokea."

Nilisubiri aombe radhi, na niligundua kwamba sikujua ningejibu nini. Hakuomba. Alikuwa akiyatazama magoti yake. Nilimwangalia na mwili wangu wote ulikuwa unatafuta mlango, kama zamani, ingawa kaka alikuwa amekaa pale na mtu huyu sasa asingeweza kumfukuza hata kuku.

Mtoto aliingia akitokea kucheza, miguu ina matope. Alisimama kuona mgeni. Macho ya mwanaume yule yakajaa machozi.

"Amefanana na dada yangu," aliniambia. "Sura yote."

Binti yangu alimsogelea, akainamisha kichwa kama tulivyomfundisha kufanya kwa wageni wote.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu baba yake. Akamwekea mkono kichwani kwa muda mfupi, akauondoa kabla sijasema neno, akamuaga kaka yangu, akaenda stendi.